Kila kifaa ni kizuri, ila havielewani

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Fundi, shikamoo. Nataka kuunda droni yangu ya kwanza ya mbio. Nimepanga hivi: fremu ya inchi 5, mota nne za 2306 zenye KV 2450, betri ya 6S ya mAh 1300, ESC ya nne kwa moja ya ampea 45, matundu 30.5; FC ya F4 ya kampuni nyingine, matundu 20; transimita ya video ya DJI; risiva ya ExpressLRS ya gigahezi 2.4, propela za 5143. Miwani ya analojia nimepewa na kaka yangu, na rimoti ninayo ya zamani, FrSky. Kila kifaa nimekisoma, na kila mtu anakisifu. Je, nilipe?"

Marahaba. Usilipe bado. Kwa msomaji mgeni: FC ni bodi iliyo ubongo wa droni, ESC ni bodi inayoendesha mota kwa amri za FC, risiva hupokea amri za rimoti, na transimita ya video hurusha picha hadi kwenye miwani. Kwenye orodha hiyo sioni kifaa kibovu hata kimoja, na hapo ndipo ilipokupoteza. Umesoma sifa za kila kifaa kikiwa peke yake, hukusoma kinavyokutana na jirani yake. Nimehesabu mahali panne ambapo vifaa vyako havipatani. Pawili utapoteza pesa tu. Pawili patatoka moshi.

Mimi huanza na betri. Wanaoanza wengi huanza na fremu kwa sababu ndiyo inayoonekana pichani, au na mota kwa sababu ndizo zinazosifiwa. Lakini volti za betri ndizo zinazoamua mota, ESC, kapasita na mara nyingine hata transimita ya video. Ukishaamua volti, nusu ya vinavyouzwa huwa vimejitoa vyenyewe kwenye mawazo yako, na kichwa kinapumua.

Herufi S ni idadi ya seli zilizounganishwa kwa kufuatana. Seli moja ya lipo, yaani betri ya lithiamu ya droni hizi, ikijaa ina volti 4.2, na hesabu ya kawaida huchukua 3.7. Kwa hiyo 4S iliyojaa ni volti 16.8, na 6S iliyojaa ni volti 25.2. KV nayo, ambayo wengi huisoma kama kilovolti, haina uhusiano wowote na kilovolti. Ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo mota huzunguka kwa kila volti moja ikiwa haina propela. Sasa chukua kalamu. 2450 mara 16.8 ni 41,160. Mota yako imetengenezwa kwa ajili ya hapo, kwa 4S, na hapo iko raha mustarehe. Ipe 6S: 2450 mara 25.2 ni 61,740.

Kasi imepanda mara moja na nusu, na mtu anaweza kudhani basi nguvu nayo imepanda mara moja na nusu, tena akafurahi. Propela haihesabu hivyo. Nguvu inayodaiwa na propela hupanda kwa mchemraba wa kasi: 1.5 mara 1.5 mara 1.5, yaani karibu mara 3.4. Kwa propela ya 5143 mota haitafika kwenye kasi hiyo, lakini itajaribu, na katika kujaribu itavuta ampea ambazo koili zake, ESC yako na betri yako hazikuandaliwa kuzibeba. Dalili huja kwa utaratibu. Droni inatua na mota huwezi kuigusa kwa kidole. Siku chache baadaye ukichungulia chini ya kengele ya mota, waya wa koili uliokuwa na rangi ya shaba inayong'aa umeanza kuwa kahawia, kisha mweusi. Mara nyingi ESC haisubiri kuona weusi huo, inatangulia yenyewe.

Kwa hiyo hapo una njia mbili safi. Baki na mota za KV 2450 na uchukue betri ya 4S, au baki na 6S na uchukue mota za KV kati ya 1700 na 1950. Fanya hesabu ileile: 1750 mara 25.2 ni 44,100. 1950 mara 25.2 ni 49,140. Unaona namba zimerudi mtaani kwao. Kwa droni ya kwanza ningechukua ya 1750 au jirani yake. Ile ya 1950 ni ya mtu ambaye tayari anajua kupunguza nguvu kabla ya kona.

Kuna njia ya tatu, ya mtu aliyekwishanunua. Ndani ya Betaflight, programu inayoendesha FC, unaweza kuweka kikomo cha nguvu ya mota, na kwa mota ya 4S kwenye betri ya 6S kikomo hicho ni kama asilimia 67, yaani 16.8 gawanya kwa 25.2. Inafanya kazi. Lakini kinachozuia moto hapo ni namba moja ndani ya programu, na siku utakayoipandisha programu toleo jipya ukasahau kuirudisha namba hiyo, utakumbuka nilikwambia nini. Wewe hujanunua, usianze na kiraka.

Unaweza kuuliza, kwa nini basi watu wa mbio walihamia 6S? Si kwa sababu ya kasi, kama wengi wanavyodhani. Ni kwa sababu ya mkondo. Nguvu ni volti mara ampea. Ukihitaji wati 1480, betri ya 4S yenye volti 14.8 lazima itoe ampea 100, na ya 6S yenye volti 22.2 inatoa ampea 67 tu. Joto linalopotelea kwenye nyaya na plagi hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo 6S inapoteza chini ya nusu ya kile inachopoteza 4S kwa kazi ileile. Rubani huliona hilo mwishoni mwa mbio: betri ya 4S inalegea mzunguko wa mwisho, ukisukuma kijiti droni inaitikia kivivu. Ya 6S nayo hulegea, ila kwa adabu zaidi. Ningebaki na 6S kama wewe, nibadilishe mota. Ila kama una rafiki mwenye betri nne za 4S anazotaka kukuachia, zichukue wala usione haya. Droni ya 4S itakuvunjia taa ya sebuleni vilevile.

Ukiwa kwenye betri hapo, utaona namba yenye herufi C, kwa mfano 100C. Zidisha kwa uwezo wa betri: ampea-saa 1.3 mara 100 ni ampea 130. Namba hiyo usiiamini kama unavyoamini volti, maana wauzaji huiandika kwa ukarimu mkubwa. Jiulize mwenyewe: betri ya ampea-saa 1.3 ikitoa ampea 130 mfululizo itakwisha kwa sekunde 36. Droni ya mbio hukaa hewani dakika mbili na nusu hivi ukiisukuma kweli, ukatumia asilimia 80 ya betri. Hiyo ni wastani wa ampea 25. Ampea mia na zaidi huja kwa kufumba na kufumbua, pale unapotoka kwenye geti na kusukuma kijiti hadi juu. Betri nzuri ni ile ambayo volti zake hazianguki sana katika kufumba huko. Angalia pia plagi: kwa ukubwa huu ni XT60, na chaja yako iwe na uwezo wa seli sita. Ile plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha seli huwa na pini moja zaidi ya seli, kwa hiyo ya 6S ina pini saba. Ukikutana na betri iliyoandikwa 6S yenye pini tano, umeshika 4S iliyovaa nguo ya mwenzake.

Sasa mota na fremu. Namba 2306 maana yake ndani ya mota, sehemu yenye koili ina kipenyo cha milimita 23 na kimo cha milimita 6. Utakutana pia na 2207. Watu hubishana sana juu ya hizo mbili. Kwa rubani wa kwanza ubishi huo hauna faida; chukua yoyote itakayokupa KV sahihi. La muhimu zaidi ni kitu ambacho hakuna anayekisifu: skrubu.

Mota za ukubwa huu hufungwa kwa skrubu nne za M3 kwenye matundu yaliyopangwa 16 kwa 16, na fremu nyingi za inchi 5 zina matundu hayo. Hapo hakuna tabu. Tabu ni urefu wa skrubu. Mkono wa fremu una unene wake, tuseme milimita 5, na skrubu inatakiwa iingie ndani ya mota kama milimita 2.5 hadi 3. Skrubu ya milimita 8 basi inatosha. Mota nyingi huja na skrubu za urefu wa aina mbili kwenye pakiti, na mkono wa kasi hauangalii. Ukichukua ndefu, ncha yake inapita chini ya mota na kugusa koili. Nyuzi za kaboni zinapitisha umeme, hilo wengi hawalijui, na fremu nzima inageuka waya. Unakaza skrubu, kila kitu kinaonekana safi, unachomeka betri, na ESC inaondoka.

Kabla ya kuchomeka chochote, weka maltimita kwenye mlio. Ncha moja gusa kichwa cha skrubu ya mota, nyingine gusa moja ya nyaya tatu za mota hiyo. Ikilia, fungua. Fanya hivyo kwa mota zote nne. Ni dakika mbili.

Propela zako za 5143 zinaendana. Namba hiyo husomwa hivi: kipenyo inchi 5.1, na mwinuko wa bleda, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, inchi 4.3; idadi ya bleda, kwa kawaida tatu, huandikwa pembeni. Inchi 5.1 ni kama milimita 130. Fremu ya inchi 5 yenye milimita 220 kutoka mota hadi mota kwa mshazari, ikiwa imepangwa X sawasawa, ina milimita 155 hivi kati ya mota na mota jirani. Propela mbili zinapita bila kupigana, na inabaki nafasi ya kama vidole viwili vyembamba. Tundu la katikati ni milimita 5, sawa na ekseli ya M5 ya mota zako. Kumbuka tu kwamba mbili huzunguka kulia na mbili kushoto, na pakiti huwa na zote. Nunua pakiti nyingi. Propela kwenye droni ya mbio ni kama mkate.

Tumefika pale pa pili pa moshi, na hapa nitakaa kidogo.

ESC yako ina matundu ya 30.5 kwa 30.5, na FC yako 20 kwa 20. Hizo ni milimita kati ya tundu na tundu. Bodi hizo mbili hukaa moja juu ya nyingine kwenye nguzo nne zilezile, kwa hiyo tayari hazikai. Kuna vibao vya kuhamisha matundu, vinafanya kazi, ila vinaongeza kimo na kulegeza kifaa ambacho kazi yake ni kuhisi mtikisiko. Kwa fremu ya inchi 5 nafasi ipo, chukua zote za 30.5. Angalia tu kama bamba la chini la fremu yako limetobolewa hivyo. Nyingi zimetobolewa kwa vipimo vyote viwili.

Lakini hata ukizipata zote za 30.5, umesema ni za kampuni mbili tofauti. Niliwahi kufanya hivyo. Plagi ya ESC ilikuwa ya pini nane, soketi ya FC ya pini nane, upana uleule, ikaingia na kutoa kale kamlio katamu ka plastiki iliyokaa vizuri. Nikachomeka betri. Taa ya bluu ya FC ikawaka mara moja, ikazima, na uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka kwenye ile chipu nyeusi ya katikati. Nilikuwa nimeipa volti za betri nzima chipu inayofanya kazi kwa volti 3.3. Pini ya kwanza ya ESC ilikuwa ya volti za betri; pini ya kwanza ya FC ilikuwa ya ishara ya mota. Plagi hazikukosea chochote. Plagi hupima umbo tu.

Pini hizo nane kwa kawaida ni hizi: volti za betri, ardhi, kipimo cha mkondo, taarifa za ESC, na ishara za mota ya kwanza hadi ya nne. Kila kampuni huzipanga inavyopenda. Ishara za mota zikipishana hakuna msiba, utazipanga upya ndani ya Betaflight. Zinazoua ni mbili: volti na ardhi. Kwa hiyo weka michoro miwili mbele yako, wa ESC na wa FC, na ufuate kila waya kwa kidole kutoka pini hadi pini. Usiamini rangi za waya, waya mwekundu ni rangi tu. Kama mpangilio haulingani, nyaya huhamishika: kwenye kichwa cha plagi kuna vilimi vidogo vya plastiki, kimoja juu ya kila pini. Kiinue kidogo mno kwa ncha ya sindano, waya unatoka kwa kuvutwa polepole, na unaingiza kwenye nafasi yake mpya hadi ukwame. Pini zimeachana milimita moja tu, kwa hiyo tafuta mwanga na usifanye ukiwa na njaa.

Au fanya ninachomshauri kila anayeanza: nunua FC na ESC kama seti moja ya kampuni moja. Waya wake huja ndani ya boksi umeshapangwa. Baadaye utakapokuwa umeunda tatu au nne, changanya upendavyo.

Kuhusu F4 usijali. Hiyo ni familia ya chipu, na F405 inatosha kabisa kwa mbio. F722 ni nzuri pia. Kinachobana ni idadi ya milango ya UART, ambayo FC huitumia kuongea na vifaa vingine. Risiva inachukua mmoja, transimita ya video mmoja, taarifa za ESC zinaweza kuchukua mwingine. F405 ina ya kutosha. Angalia vilevile FC inatoa volti 9 au 10 kwa ajili ya video, maana volti 5 za risiva hazitoshi kwa transimita nyingi. Kwenye ESC, ampea 45 kwa kila mota zinakutosha, ila tafuta maandishi ya "6S" kwenye bodi yenyewe, usitegemee tangazo la muuzaji. Lugha kati ya FC na ESC siku hizi ni DShot na karibu zote zinaielewa. Kwa programu iliyo ndani ya ESC utakutana na majina BLHeli_S, BLHeli_32 au AM32. BLHeli_32 ilisimama mwaka 2024, na kampuni nyingi zimehamia AM32 ambayo msimbo wake uko wazi. Ukipata ESC ya zamani yenye BLHeli_S, inaweza kuwekewa Bluejay na ikatoa taarifa za kasi ya mota ambazo FC huzitumia kusafisha mtikisiko. Hayo yote yatakuhusu wiki ya tatu, si leo.

Kitu kidogo ambacho hukukiandika kabisa ni kapasita. Usisahau. Mota zinapofunga breki kwenye kona, umeme hurudi kwenye nyaya kwa mirindimo mifupi inayopita volti za betri, na ndiyo inayotia mistari kwenye picha na kufupisha maisha ya FC. Kapasita moja ya mikrofaradi 470 hadi 1000, ya volti 35, yenye ukinzani mdogo wa ndani, ilehemu palepale waya wa betri unapoingia ESC. Ya volti 25 isikukaribie: betri yako iliyojaa tayari ni 25.2. Mstari wa rangi ulio ubavuni mwa kapasita ni upande wa hasi. Ukiigeuza italipuka, na haina uungwana.

Video sasa. Miwani ya analojia na transimita ya DJI hawajuani. Mifumo ya dijitali, iwe DJI, Walksnail au HDZero, kila mmoja una lugha yake na kwa kawaida unataka miwani yake. Analojia ndiyo pekee ambayo transimita ya kampuni yoyote inaonekana kwenye miwani ya kampuni yoyote, mradi zote ni za gigahezi 5.8. Picha yake ina chembechembe kama televisheni ya zamani, lakini inafika machoni upesi mno, na ikidhoofika inafifia kidogo kidogo badala ya kuganda. Mtu anayepita getini kwa kasi anaithamini sana tabia hiyo. Kwa kuwa miwani umepewa bure, jibu liko mkononi mwako: toa DJI kwenye orodha, weka transimita ya analojia na kamera ndogo yenye upana wa milimita 19, ambayo fremu nyingi za mbio zina nafasi yake. Lakini kwanza waulize utakaoshindana nao wanatumia nini. Kama wote wamehamia mfumo mmoja wa dijitali, utakuwa peke yako na picha yako.

Transimita iwe na Raceband, yaani zile chaneli nane zinazoanza megahezi 5658 na kupanda kwa hatua za 37 hadi 5917; ndizo zinazowezesha watu kadhaa kuruka pamoja bila kuingiliana. Iwe pia na uwezo wa kushuka hadi miliwati 25. Kwenye mbio, anayepiga kelele zaidi kuliko wenzake hafukuzwi kwa upole.

Antena ndipo watu wanapotegwa. Kuna SMA na RP-SMA. Kwa nje zinafanana na zinakazana kabisa, lakini kwenye RP-SMA pini ya katikati imehamia upande wa pili. Ukikaza SMA ya kike kwenye RP-SMA ya kiume, ndani mnakutana tundu na tundu, hakuna kinachogusana. Umefunga antena, macho yako yanaiona, na transimita inaamini haina antena. Transimita isiyo na antena hujichoma kwa joto lake yenyewe ndani ya dakika chache. Chungulia kila upande kabla ya kukaza: lazima pini moja ikutane na tundu moja. Halafu angalia maandishi RHCP au LHCP, ambayo ni upande mawimbi yanakozunguka. Antena ya droni na ya miwani ziwe za upande mmoja. Na antena itokeze nje ya fremu, maana kaboni huyameza mawimbi.

Nne na ya mwisho: rimoti. Risiva ya ExpressLRS haiongei na rimoti ya FrSky ya zamani, ingawa zote zimeandikwa gigahezi 2.4. Masafa ni barabara tu. Lugha ni jambo jingine. Igeuze rimoti yako utazame mgongoni. Kama ina kisanduku cha kuchomeka moduli ya nje, umepona: nunua moduli ya ExpressLRS ya 2.4 na ubaki na rimoti uliyoizoea. Kama mgongo ni bapa, usianze kununua risiva za kuifuata rimoti hiyo. Badili rimoti, chukua yenye ExpressLRS ndani yake. Rimoti itakaa na wewe miaka, droni hii ya kwanza itakuwa vipande vipande mapema zaidi ya unavyodhani.

Ukiwa na ExpressLRS, hakikisha namba kubwa ya toleo inalingana pande zote: moduli ya toleo la 3 haifungamani na risiva ya toleo la 2 mpaka moja isasishwe. Waya za risiva zinavukana: TX ya risiva huenda RX ya FC, na RX huenda TX. Wengi huzilehemu TX kwa TX kwa sababu majina yanafanana, kisha wanailaumu risiva.

Orodha yako basi inakuwa hivi: fremu ileile ukishapima matundu, propela zilezile, betri ileile, risiva ileile, mota za KV 1750 hivi, seti moja ya FC na ESC ya 30.5 iliyoandikwa 6S. Kapasita ya volti 35. Kamera na transimita ya analojia. Na moduli au rimoti. Ongeza kifaa kimoja ambacho hakiruki: kile cha kuzuia moshi, kinachokaa kati ya betri na droni na kukata umeme kukiwa na shoti. Na pasi ya kulehemu isiwe ya wati 25 ya kurekebishia redio. Waya wa betri wa geji 12 unakunywa joto kama mchanga unavyokunywa maji, chukua ya wati 60 au zaidi, na lehemu ya 63 kwa 37, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183.

Ukishafunga kila kitu, kabla ya betri, pima mlio kati ya chanya na hasi za XT60. Mlio mfupi unaokatika ni kapasita inajaa. Mlio usiokoma ni shoti. Kisha chomeka kupitia kizuia moshi, bila propela hata moja, na uzungushe mota moja moja kutoka Betaflight ukihakikisha ya kwanza ni ya nyuma kulia, ya pili mbele kulia, ya tatu nyuma kushoto, ya nne mbele kushoto. Kisha ziwashe kwa rimoti, bado bila propela, na uzime rimoti zikizunguka uone kama zinasimama zenyewe. Zisiposimama, propela zisitoke kwenye pakiti.

Na ile michoro miwili ya soketi, ukiamua kuchanganya kampuni licha ya niliyosema, nitumie picha zake kabla hujachomeka. Nitaifuata kwa kidole pamoja nawe.